Mpangaji Havunji Ukuta

Kutoka Mumias hadi Nairobi ni safari ya usiku mmoja kwa mtu anayejua anakoenda. Mimi sikujua, kwa hivyo ilinichukua karibu miaka miwili. Niliondoka nyumbani baada ya kidato cha nne nikiwa na mfuko mmoja na viatu vya marehemu babu. Kapsabet nilichuma majani chai. Eldoret niliuza mitumba. Njiani kwenda Nakuru, dereva wa lori la mahindi alinishusha mapema akisema hadithi zangu zimeisha na sasa nimeanza kuzirudia. Naivasha nilifunga maua kwenye maboksi, maua ya kupelekwa kwa watu nisiowajua, na nikawaonea wivu kidogo kwamba kuna mtu amewakumbuka.

Kila mahali nilikomboa chumba. Na kila mahali, siku nilipoanza kumtambua jirani kwa kikohozi chake, miguu iliniwasha, nikafunga mfuko. Hilo neno, kukomboa, naomba mlishike. Sisi tuliotoka magharibi, na wengi hapa Nairobi, hatupangi chumba. Tunakikomboa. Mwisho wa mwezi ukikushinda, unatoka. Sikujua kwamba neno hilo moja ndilo litakalonifanya nikae mahali.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoshika kazi ya ukalimani wa mahubiri. Mimi nimeiacha mwezi uliopita. Sijafika hamsini, lakini koo halihesabu miaka kama tunavyohesabu sisi. Daktari wa Upper Hill aliliangalia kwa mwanga mdogo akasema kuna vinundu, na kwamba nikiendelea kupaza sauti nitabaki na mnong'ono. Nilimwuliza kama mnong'ono unaweza kutafsiri. Hakucheka. Nadhani hakusikia.

Mji wenyewe ulinipokea Ngara asubuhi. Nilipata kibarua cha kubeba marobota ya vitambaa kutoka kwenye maghala hadi madukani, na duka nililolizoea zaidi lilikuwa la Bi Zuhura, mama wa Mombasa aliyeuza leso na mapazia. Nitamrudia. Saa ya mchana, wabebaji wenzangu walipojilaza juu ya marobota, mimi nilizungukazunguka mjini kwa sababu kukaa kimya sijawahi kukuweza. Siku moja nilisikia nyimbo zikitoka chini ya jengo fulani katikati ya mji. Nikateremka ngazi. Nikakuta ukumbi wenye viti vya plastiki, watu wa ofisini waliofungua vifungo vya shingo, askari wa milangoni wenye kofia mapajani, wachuuzi, matarishi. Na nyuma kabisa, birika kubwa la chai. Sitawadanganya: nilikaa karibu na birika.

Mhubiri alikuwa Mchungaji Gitau, kijana wakati ule, mrefu, mwenye Kiingereza cha haraka. Kiswahili alikuwa nacho cha kununulia mboga, hakikutosha kuhubiri. Mkalimani wake hakutokea siku hiyo. Akauliza, "Kuna mtu hapa anajua zote mbili?" Watu wakatazama viatu vyao. Niliinua mkono. Mpaka leo sijui kama niliinua kwa ajili ya Mungu au kwa sababu nilidhani mkalimani hupewa chai kwanza.

Mahubiri yalikuwa kuhusu jina Masihi. Mchungaji alieleza kwa Kiingereza kwamba maana yake ni mtu aliyetiwa mafuta, kama walivyofanyiwa wafalme na makuhani wa zamani, ila huyu ametiwa na Mungu mwenyewe kuwaokoa watu. Nikapaza sauti: "Yesu ni mtu aliyepakwa mafuta!"

Askari mmoja akauliza kutoka nyuma, "Kwa mgongo wa chupa?"

Ukumbi ukapasuka. Kila anayejua Kiswahili anajua kwamba kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni kumlaghai kwa maneno matamu. Mchungaji hakujua. Alifurahi kuona watu wamechangamka, akarudia sentensi ileile kwa nguvu zaidi. Nami, kwa kuwa ndiyo kazi, nikairudia kwa nguvu zaidi.

Jioni nilipokuwa nikipanga marobota nilimsimulia Bi Zuhura. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukemea. "We mwana," akasema, "neno Masihi lipo kwenye Kiswahili, la zamani kuliko nyanya yako. Wataka kulivua nguo mbele ya watu ya nini? Sema Masihi. Kisha ukitaka kueleza, sema kateuliwa, katawazwa. Mafuta waachie wakaanga samaki."

"Nyinyi pia mnamwita Masihi?"

"Masihi Isa bin Mariamu. Hapo twaenda pamoja. Mbele ya hapo njia zagawanyika, na mimi sitakuuliza na wewe usiniulize. Haya, inua robota."

Mchungaji aliniita tena siku iliyofuata, na iliyofuata, na mkalimani wa kwanza hakurudi kamwe. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Bi Zuhura akawa mwalimu wangu bila mmoja wetu kulitamka jambo hilo. Kila jioni nilimletea neno moja lililonishinda, naye alilipima kama kitambaa, akalivuta huku na huku, akaniambia kama litatatuka.

Kuhusu kazi yenyewe, haya ndiyo nijuayo. Simama nusu hatua nyuma ya mhubiri, upande wa mkono asioshikia Biblia, maana mkono wenye Biblia hupiga. Usitazame mdomo wake. Tazama kifua, kwa sababu mtu huvuta pumzi kabla ya kumaliza wazo, na pumzi hiyo ndiyo mlango wako. Kunywa maji ya vuguvugu yenye tangawizi, wala si baridi, hata joto likiwa kali. Akilia, wewe usilie. Akisema upuuzi, tafsiri upuuzi, ila kwa upole. Alikuja mgeni mmoja kutoka ng'ambo akatoa mfano mrefu wa theluji, watu wanateleza, mbwa wanavuta kitanda cha mbao. Nilisubiri mpaka akavuta pumzi nikasema, "Kwao kuna baridi." Watu wakasema amina. Alinitazama kwa mshangao kwamba Kiswahili ni lugha fupi namna hiyo.

Na msiyaogope maneno magumu. Maneno mepesi ndiyo yaliyoniangusha. Wakristo tunaamini kwamba Masihi ni Mungu kabisa na ni mtu kabisa. Mwanzoni nilitafsiri "nusu Mungu, nusu mtu," nikidhani nimerahisisha. Mchungaji alikuwa ameanza kukisikia Kiswahili. Baada ya ibada alinishika bega. "Si chai, Barasa," akaniambia. "Ukichanganya maji na maziwa hupati tena maji wala maziwa. Yeye hakupungua upande wowote." Ibada iliyofuata nikajirekebisha kwa sauti kubwa: "Yesu ni Mungu mzima na mtu mzima!" Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua mkono. "Na alipokuwa mchanga je? Si mnasema alizaliwa?" Ilinichukua muda kuelewa. Mtu mzima ni mtu aliyekomaa. Nilikuwa nimemfuta mtoto wa Bethlehemu kwa neno moja. Bi Zuhura aliposikia alikaa chini juu ya robota na kujipepea kwa ncha ya leso.

Sasa nije kwa Wafula.

Kila Alhamisi mimi na Mchungaji tulipanda Upper Hill kuwatembelea wagonjwa katika hospitali kubwa. Wodini ukalimani ni tofauti. Huinui sauti. Unainama, na mgonjwa anakutazama wewe, si mhubiri, kwa hivyo lazima uso wako uamini unachosema. Wafula alikuwa fundi wa kufuli. Alikuwa na kibanda pale Dagoretti Corner, cha mabati, kimejaa funguo zilizoning'inia kama samaki waliokaushwa. Ni mtu wa Bungoma, mkubwa kwangu kidogo, na kisukari kilikuwa kimeuozesha mguu wake wa kulia. Madaktari walikuwa wamekubaliana wote kwamba mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda. Mkewe, Mama Edi, alikuwa amekubali. Yeye mwenyewe alikuwa amekubali pia, mpaka Alhamisi tulipofika sisi.

Mchungaji alitaka kumtia moyo. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba Kristo amemkomboa, mwili na roho, na kwamba mwili wake si mali yake tena bali ni wa Bwana, kwa hivyo asiogope. Nikainama nikatafsiri neno kwa neno: "Yesu amekukomboa, mwili na roho. Mwili huu si wako." Wafula akafumba macho, akashukuru. Tukaombea wagonjwa wengine watatu tukaondoka.

Kesho yake Mama Edi akanikuta Ngara nikiwa na robota kichwani. Alikuwa amenitafuta duka kwa duka. "Barasa, mmemwambia nini bwanangu? Amekataa kusaini. Daktari amesema ikipita kesho hana la kufanya."

Nilitua mzigo. Nikampigia Mchungaji, tukakutana wodini. Wafula alikuwa ameketi, jasho likimtoka, harufu ya mguu ikijaza ile pembe ya chumba. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyefikiri vizuri.

"Mlisema huu mwili si wangu. Sindio?"

"Ndio," nikasema.

"Na Yesu amenikomboa."

"Ndio."

"Sasa Barasa, wewe unajua kazi yangu. Mwenye ploti ananiita, Wafula kuja badilisha kufuli, huyu ameleta shida. Nimefungia watu nje mpaka wengine ni ndugu zangu. Mtu akikomboa nyumba, kuna vitu hawezi fanya. Mpangaji havunji ukuta. Hata msumari anaomba ruhusa. Sasa Yesu amenikomboa, sawa, nashukuru sana. Lakini mwenye nyumba ni Baba yake. Nani amemuuliza kama mguu utolewe? Mimi siwezi saini karatasi ya nyumba ya wenyewe. Nikifika huko juu aniulize, wewe, nani alikwambia ubomoe? Nitasema nini?"

Mama Edi akaziba uso kwa leso. Mchungaji akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini. Nikajaribu kumweleza. Hakunielewa, kwa sababu katika Kiswahili chake cha kununulia mboga hapakuwa na chumba cha kukomboa. "Mwambie amenunuliwa," akasema. "Amenunuliwa, basi."

Nikamwambia Wafula, "Amekununua."

"Kwa nani?" akauliza. "Nilikuwa nauzwa na nani?"

Hapo nilinyamaza. Katika kazi hii kunyamaza ni sekunde chache tu, lakini mgonjwa huzisikia zote. Wafula akageuka ukutani. "Kama hata wewe hujui," akasema, "mniache nikae na mguu wangu."

Niliteremka kutoka Upper Hill kwa miguu, nikavuka mji mzima hadi Ngara. Bi Zuhura alikuwa akifunga duka.

"Bi, nina neno. Hili si la kucheka."

Nikamweleza. Alijaribu kutocheka lakini likamponyoka. "Nyinyi watu wa bara mtaniua! Kukomboa ndiko kukodi? Toka lini?"

"Kwetu ndivyo. Bi, mtu anakufa."

Akaacha. Akavua bangili moja ya mkono wa kushoto, ya dhahabu nyembamba, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Haya, nitazame. Nimepata shida. Hii naiweka rehani kwa yule jamaa wa mtaa wa nyuma. Aiweka kabatini, afunga. Siku nikiweza, naenda naitoa. Nimeifanyaje?"

"Umeilipia."

"Nimeikomboa! Ndiyo kukomboa huko. Sasa niambie, kabla sijaiweka ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Na ilipokuwa kabatini kwa yule jamaa, kwenye giza, yafikiri imesahauliwa, ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Basi. Mtu hakomboi kitu cha mwenziwe. Cha mwenzio wewe wakikodi, wakiazima, wakiiba. Kilicho chako ndicho wewe wakikomboa." Akairudisha bangili mkononi. "Mimi mambo yenu ya msalaba siyasemi mnavyoyasema, wajua. Lakini neno ni neno. Nenda ukamwambie akatwe huo mguu. Na ule kitu kwanza, waonekana kama leso ya mwaka jana."

Asubuhi tulikuwa wodini kabla ya uji. Mchungaji alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, Mama Edi miguuni. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilizungumza kwanza, mhubiri akingoja. Nilimweleza Wafula habari ya bangili, rehani, kabati na giza. Nikamwambia kwamba hilo ndilo kukomboa la Biblia, lile letu la vyumba ni lingine.

Alitazama dari.

"Kwa hivyo mimi si nyumba," akasema. "Mimi ni bangili."

"Ndio."

"Bangili ya mguu." Mama Edi akacheka huku analia. Wafula hakucheka. "Na nilikuwa wake kabla."

"Tangu mwanzo."

"Na Baba? Si yeye ndiye mwenyewe?"

Nikamtafsiria Mchungaji. Akajibu polepole, nami nikamfuata pumzi kwa pumzi. Hakuna wenye ploti wawili, alisema. Cha Baba ni cha Mwana. Mwana hakutumwa kama keateka, mtunza ploti wa kuajiriwa, anayeogopa mwenye mali. Yeye ndiye mwenye mali, na alikuja mwenyewe.

"Na alipokuja alikaa kwa nani?"

"Kwa watu," Mchungaji akasema. "Alizaliwa mahali pa kuazima. Alilala kwa marafiki. Hakuwa na mahali pake pa kuweka kichwa. Hata kaburi lilikuwa la mtu mwingine."

Wafula akageuza kichwa kutoka darini akanitazama. Ule uso naukumbuka kuliko nyuso zote nilizotafsiri mbele yazo.

"Basi alikomboa!" akasema. "Mwenye nyumba alikuja kukomboa chumba kwa nyumba yake mwenyewe!"

"Amesema nini?" Mchungaji akauliza.

Nikafungua mdomo. Kiingereza kina neno moja la kupanga na lingine la kuokoa, na hayafanani hata kidogo. Ningeyatoa yote mawili na kuyaeleza, na yale aliyoyasema Wafula yangekuwa maiti iliyolazwa vizuri. Nilisema, "Ameelewa." Ndiyo tafsiri fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, ukiondoa ile ya theluji.

Lakini Wafula hakuwa amemaliza. Alikuwa fundi, na fundi hujaribu kufuli mara mbili. "Na misumari? Nimesema mpangaji hapigi hata msumari bila ruhusa. Yeye alipigwa misumari. Nani alitoa ruhusa?"

Nikatafsiri. Mchungaji Gitau, ambaye maneno hayajawahi kumwishia, alifunga Biblia yake. Kisha akaweka kidole kifuani mwake na kusema kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kuningoja, "Yeye. Hakuna mtu alimlazimisha. Yeye mwenyewe."

"Kwa sababu nyumba ilikuwa yake," Wafula akasema.

"Ndio."

"Lete hiyo karatasi."

Mguu ulikatwa siku hiyohiyo. Jioni nilimpelekea Bi Zuhura habari. Hakuuliza kuhusu Biblia. Aliuliza, "Yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema alhamdulillahi, akanipa robota lingine.

Baada ya hapo nilihamia Dagoretti Corner. Kanisa la Mchungaji lilikuwa limepata ukumbi huko, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mimi nikakomboa chumba nyuma yake. Wafula alirudi kwenye kibanda chake akiwa na gongo, akanichongea funguo mbili za kile chumba, mmoja wangu na mmoja wa kukaa kwake, kwa sababu alisema mtu wa kutangatanga hupoteza vitu. Nilimwambia sitakaa sana. "Hata Masihi alisema hatakaa sana," akajibu. Tangu siku hiyo aliniita mpangaji mwenzangu, na mtu mwingine akituuliza kwa nini, tulimwambia ni mambo ya bangili.

Kila Jumapili alimngoja Mchungaji mlangoni na swali moja: siku ya ufufuo, atafufuka na miguu mingapi? Mchungaji alisema hajui, ila anajua kwamba Bwana alifufuka na matundu mikononi, akawaonyesha rafiki zake. "Kwa hivyo hakupiga lipu," Wafula alisema. Aliliuliza tena Jumapili iliyofuata. Nadhani alilipenda jibu.

Nilikaa pale kuliko nilivyowahi kukaa popote. Sikupanga iwe hivyo. Ninachokitamani sasa si ukumbi wala watu kusema amina. Natamani ule upenyo mdogo kati ya sauti mbili, mhubiri akishavuta pumzi nami sijasema. Hapo neno linakuwa limetoka kwenye lugha moja na halijafika kwenye nyingine. Halina nyumba. Mimi nililijua hilo neno. Sisi wawili tulikuwa watu wa njiani, na kwa muda huo mfupi hakuna aliyetuuliza tunatoka wapi.

Mambo yalibadilika polepole, kama rangi ya ukuta. Bi Zuhura alirudi Mombasa kwa wanawe. Hakuniaga. Aliniachia kwa jirani leso moja, nami sikupata mtu wa kunisomea maandishi ya leso hiyo kwa sauti ya Bi mwenyewe. Dukani kwake siku hizi hutengenezwa simu. Nikipita Ngara huwa nasimama kidogo mlangoni, na fundi huniuliza kama kioo kimepasuka. Kanisani ikaja skrini ya kuonyesha maneno. Vijana wakapata ibada yao ya Kiingereza, wazee ya Kiswahili, na mkalimani akabaki wa wageni. Kijana mmoja alinieleza ukombozi kwa namna yake: "Ni kama kuridimu pointi za simu, anko, unazitoa unazitumia." Nilitaka kumkemea. Kisha nikakumbuka pointi huwa ni zako tangu mwanzo, ila zimekaa mahali usipoziona. Nikamwambia yuko karibu. Bi Zuhura angemchapa kwa leso.

Kisha koo. Jumapili ya mwisho Mchungaji alihubiri kwa Kiswahili, mahubiri mazima, makosa tele, mvi zimemjaa. Alikuwa amejifunza kwa siri. Mimi nilikaa kwenye kiti, mikono mapajani, na alipofika kwenye neno Mkombozi alinitazama kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa ya kupiga msumari. Nikaitikia kwa kichwa kumwambia endelea.

Siku niliyoondoka ilikuwa ya kazi, asubuhi ya baridi. Nilimpa keateka ufunguo wangu nikaenda kibandani na mfuko mmoja. Wafula alikuwa akisugua ufunguo kwa tupa.

"Sasa unaenda kukomboa wapi?" akauliza bila kuinua macho.

"Kisumu labda. Kisha tutaona."

"Wewe! Hata Masihi alikaa kwao miaka kama thelathini kabla ya kuanza kutembea. Wewe uliruka hiyo sehemu."

"Nipe ule ufunguo wa pili nimrudishie keateka."

Aliutoa kwenye msumari, akaupima mkononi, akaurudisha pale pale. "Huu sitoi. Jumatatu mwenye ploti ataniita nibadilishe kufuli, aingize mtu mwingine. Nitabadilisha. Kazi ni kazi."

"Basi utakuwa haufungui kitu."

"Najua." Akapuliza vumbi la chuma. "Kuna mwenye nyumba mmoja tu amewahi kuwa mpangaji. Huyo hajawahi kuniita nibadilishe kufuli. Nenda salama, mpangaji mwenzangu."

Nilitaka kumjibu, lakini sauti ilikuwa imekwisha kwa siku hiyo. Nikamshika mkono. Nikavuka Ngong Road hadi upande wa pili. Pale kwenye steji ya matatu mhubiri kijana alikuwa amesimama juu ya kreti na kipaza sauti, akihubiri kwa Kiingereza, peke yake. Nilimtazama kifua. Akatamka lile neno, akanyamaza, akavuta pumzi.

Midomo yangu ikasema, "Amekukomboa." Haikutoka sauti. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni, unatafuta ufunguo niliokwisha kumpa keateka.